Paswedi imekataa, imevuja au kuna mtu anaingia? Jua chanzo kwanza ndo ubadilishe

Watu wengi wakiona kitu cha ajabu kwenye akaunti wanakimbilia kubadilisha paswedi, tena anaweka ileile anaongeza 1 mwishoni, anapumua, basi. Wiki mbili hazijaisha tatizo limerudi. Nimekaa na ndugu na marafiki wengi kwenye hili jambo na karibu kila mara nakuta paswedi imebadilishwa bila mtu kujua ile ya zamani ilipotea vipi. Na hapo ndo penye kazi, sababu njia za kuipoteza ni tofauti na kila moja ina dawa yake. Kuna paswedi iliyokisiwa, kuna iliyovuja kutoka tovuti nyingine kabisa, kuna uliyoiandika mwenyewe kwenye ukurasa feki, na kuna iliyobebwa na programu chafu iliyojificha kwenye kompyuta. Kwahiyo twende kwa dalili, tafuta ya kwako hapo chini, soma sababu, afu ndo uguse kitu.

(Nikisema paswedi namaanisha nywila, neno la siri, vyovyote unavyoita.)

Jana ilikubali, leo inakataa

Usianze na hofu, mara nyingi hamna aliyekuibia kitu. Bonyeza kile kijicho cha kuonyesha ulichoandika na ukisome herufi kwa herufi. Simu inapenda kuweka herufi kubwa mwanzoni bila kukuuliza, na ukichagua neno linalopendekezwa na kibodi inakuachia nafasi mwishoni ambayo huioni kwa macho, na kwa mtambo hiyo nafasi ni herufi kama herufi nyingine. Ukikopi paswedi kutoka kwenye meseji ni hivyohivyo, nafasi inakuja nayo.

Kama ni kompyuta angalia mpangilio wa kibodi. Kibodi ya Uingereza na ya Marekani alama ya @ na alama ya kunukuu zimebadilishana mahali, ya Kijerumani Y na Z zimebadilishana, ya Kifaransa A iko kwenye Q. Nimeona mtu amefungiwa akaunti yake kwa kujaribu mara nyingi kumbe kompyuta aliyoazima ilikuwa na kibodi ya Kifaransa.

Afu kuna brauza kujaza paswedi ya zamani. Ulibadilisha kwenye simu, laptopu bado inakumbuka ile ya mwanzo na inaijaza yenyewe, we unaona nukta tu unadhani ni ile mpya. Ifute, andika kwa mkono.

Ukishapita hayo yote na bado inakataa, fungua imeili yako, tafuta ujumbe wowote unaosema paswedi imebadilishwa, na utafute mpaka kwenye takataka na kwenye spamu. Ukiukuta na si we uliyebadilisha, shuka moja kwa moja kwenye ile sehemu ya "nimebadilisha lakini bado anaingia", usisome kingine.

Namba ya kuthibitisha imeingia kwenye simu na hujaomba

Hapa soma maneno ya meseji vizuri kwasababu yanatofautisha mambo mawili. Kama inasema hii ni namba ya kubadilisha paswedi, maana yake kuna mtu amebonyeza "nimesahau paswedi" akaandika jina lako au namba yako. Huyo anaweza kuwa hana kitu chochote mkononi, pengine hata kakosea tarakimu moja ya namba yake. Usimpe mtu hiyo namba, ipuuze.

Lakini kama inasema ni namba ya kumalizia kuingia, na akaunti yako imewekwa kuuliza paswedi kwanza afu ndo namba, basi aliyefika hapo ameshapita hatua ya paswedi. Anaijua. Hiyo ni ya kubadilisha leo, siyo kesho, na popote pengine ulipoitumia. Na kama dakika chache baadaye unapigiwa na mtu anajitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja na anaomba umsomee hizo tarakimu, kata simu. Hakuna mfanyakazi wa kweli anayehitaji namba hiyo, yeye yuko ndani ya mtambo tayari, anayeihitaji ni aliyesimama nje ya mlango.

Brauza inasema paswedi yako imeonekana kwenye data zilizovuja

Hili onyo watu wanalifunga kama tangazo na mi linaniuma sana, maana ndo dalili ya wazi kuliko zote.

Kwanza tuondoe wasiwasi wa kwamba brauza inasoma paswedi zako na kuzipeleka mahali. Chukua ile huduma maarufu ya kuangalia uvujaji, Have I Been Pwned, aliyoianzisha Troy Hunt wa Australia mwaka 2013. Paswedi yako inageuzwa hapohapo kwenye kifaa chako kuwa mlolongo wa herufi na tarakimu 40 ambao huwezi kuurudisha nyuma kirahisi. Mfano neno password lenyewe linageuka kuwa mlolongo unaoanza na 5BAA61E4. Kinachotumwa ni zile 5 za mwanzo tu, yaani 5BAA6, na tovuti inajibu kwa kukurudishia orodha ndefu ya milolongo yote inayoanza hivyo, afu kifaa chako ndo kinatafuta chenyewe kama wa kwako umo. Tovuti haijui ulikuwa unatafuta upi. Onyo la brauza nalo limejengwa kwa namna ambayo paswedi yako haiendi huko ikiwa wazi.

Sasa sababu. Paswedi ikivuja mara nyingi we hujafanya kosa lolote siku hiyo, tovuti uliyojisajili miaka iliyopita ndo imeibiwa hifadhi yake. Mwaka 2009 RockYou, kampuni ya programu ndogo za mitandao ya kijamii, waliibiwa paswedi milioni 32 na zote zilikuwa zimehifadhiwa wazi kabisa kama zilivyoandikwa, na ndani yake watu zaidi ya 290,000 walikuwa wanatumia 123456. Mwaka 2012 ikawa LinkedIn, kwanza ikajulikana ni milioni 6.5, miaka minne baadaye ikaonekana ni zaidi ya milioni 100. Mwaka 2013 Adobe, akaunti zaidi ya milioni 150, na hawa walizificha paswedi kwa njia ambayo paswedi mbili zinazofanana zinatoa matokeo yaleyale, na vile vidokezo vya kukumbushia watu walivyojiandikia vilikuwa wazi pembeni, kwahiyo ukiwa na watu elfu wenye paswedi moja inatosha mmoja wao awe ameandika kidokezo kinachoelezea kila kitu.

Kuvuja tovuti moja siyo msiba. Msiba ni kurudia. Jamaa wanachukua orodha ya imeili na paswedi kutoka tovuti A, wanaipa programu, programu inajaribu kila jozi kwenye tovuti B, C, D, usiku kucha. Hawakisii kitu, wanafungua kwa ufunguo wako halali. Dropbox, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, mwaka 2012 walisema wenyewe kwamba paswedi zilizoibwa kwenye tovuti nyingine zilitumika kuingia kwenye akaunti kadhaa za wateja, na hata kwenye akaunti ya mfanyakazi wao mmoja iliyokuwa na faili lenye imeili za wateja.

Na mi mwenyewe nilikuwa hivyo. Nilikuwa na paswedi moja nzuri, ndefu, ina namba na alama, naipenda kabisa, nikaiweka kila mahali. Siku moja tovuti moja ndogo ya mambo ya picha, ambayo hata nilishasahau kama nilijisajili, ikavuja, na kesho yake nikapata taarifa ya mtu kujaribu kuingia kwenye imeili yangu kutoka nchi ambayo sijawahi kufika. Nikakaa na daftari nikaandika kila nilipoitumia, nikahesabu sehemu 11. Ilinichukua jioni mbili kubadilisha zote. Uimara wa ile paswedi haukunisaidia hata kidogo.

Kwahiyo dawa hapa ni kubadilisha pale palipovuja na kila mahali ulipoirudia, kila pahala iwe ya kwake. Na kuongeza jina la tovuti mwishoni, kama Simba2020fb na Simba2020mail, siyo tofauti, mtu akiona moja amezijua zote.

Umepokea imeili inayokutajia paswedi yako na kukudai hela

Inasema tumeingia kwenye kompyuta yako, tuna video yako, paswedi yako ni hii, lipa kwa sarafu za mtandaoni la sivyo tunawatumia ndugu zako. Inatisha kwasababu paswedi ni ya kweli. Lakini jiulize, ni paswedi ya lini? Karibu kila mara ni ya zamani, imetoka kwenye orodha mojawapo ya hizo zilizovuja, na ujumbe huohuo umetumwa kwa maelfu ya watu, kila mmoja na ya kwake. Usilipe, usijibu. Kama bado unaitumia mahali popote, ibadilishe. Basi, hamna zaidi. Mtu wako wa karibu akipata hii mwambie haraka maana wengine wanakaa nayo kimya kwa aibu na wanaumia.

Tovuti inasema paswedi yako ni "imara" lakini una mashaka

Mashaka yako ni ya haki. Vile vipimo vya rangi nyekundu na kijani vingi vinahesabu tu aina za herufi: kuna kubwa, kuna ndogo, kuna namba, kuna alama, kijani! Kwa hesabu hiyo P@ssw0rd1! ni imara kabisa, wakati iko kwenye orodha ya kila mdukuzi. Kubadili a kuwa @ na o kuwa 0 programu za kukisia zinajua zamani sana, zinafanya hivyo zenyewe kwa kila neno la kamusi. Herufi kubwa mwanzoni, namba mwishoni, alama ya mshangao kumalizia, hiyo nayo inajulikana maana ndivyo binadamu tunavyofanya tukilazimishwa. Na usidhani neno la Kiswahili linakuficha, orodha hizi zimetokana na paswedi halisi za watu wa dunia nzima, majina ya watoto, timu za mpira, mistari ya vitabu vya dini, vyote vimo.

Kuna vipimo bora kidogo vinavyoangalia mfuatano na maneno, kama zxcvbn iliyotengenezwa na Dan Wheeler akiwa Dropbox mwaka 2012. Hicho kinajua qwerty ni mstari wa kibodi na kinajua tarehe ni tarehe. Ila hakijui jina la mwanao. Na tafadhali usiandike paswedi unayoitumia kweli kwenye tovuti usiyoijua eti uipime, ukitaka kupima andika inayofanana nayo kwa umbo.

Kipimo chenyewe unaweza kukifanya kichwani. Jiulize: huyu anayekisia angehitaji kujaribu mara ngapi? Chukua hali mbaya kabisa, tovuti imeibiwa na ilihifadhi paswedi kwa njia dhaifu ya zamani kama MD5. Kompyuta moja yenye kadi nzuri ya michoro, ile ya kuchezea gemu, inajaribu zaidi ya bilioni 100 kwa sekunde. Tufanye ni bilioni 100. Herufi ndogo 8 zilizochanganywa ovyo zina michanganyiko kama bilioni 209, zinaisha ndani ya sekunde 2 na kidogo. Herufi 8 zenye kila kitu, kubwa, ndogo, namba na alama, zinaisha kama saa 18. Saa 18 tu, na hiyo ndo paswedi inayokutoa jasho kuikumbuka. Sasa angalia herufi ndogo tupu, bila alama hata moja, lakini ziwe 16 za ovyo kabisa: inatakiwa zaidi ya miaka 13,000. Urefu unashinda mapambo, kwa mbali.

Neno la muhimu hapo ni "ovyo". Herufi 16 za mstari wa wimbo unaojulikana siyo ovyo, ni mstari mmoja kwenye orodha.

Unasahau paswedi kila wiki

Tatizo hapa siyo kichwa chako. Umejipa kazi ya kukumbuka vitu ishirini visivyo na maana, hakuna anayeweza, ndo maana watu wanarudia. Dawa ni kukumbuka chache sana, mbili au tatu, na zilizobaki iachie programu ya kutunza paswedi. Kuna Bitwarden, kuna KeePass ya bure inayokaa kwenye kifaa chako, kuna 1Password ya kulipia, na iPhone na simu za Android zina ya kwao ndani. Yoyote kati ya hizo ni bora kuliko kurudia. Unaiachia itunge paswedi yenyewe, herufi 20 za ovyo, we huzioni wala huzijali.

Watu wananiuliza, sasa si nimeweka mayai yote kwenye kapu moja? Kweli, ni kapu moja. Ila sa hivi una kapu 40 zote zimefungwa kwa kamba ileile, na hujui ipi imeshakatwa.

Ile paswedi kuu ya kufungulia kapu ndo lazima uijue kwa kichwa na iwe nzito. Njia nzuri niijuayo ni maneno yaliyochaguliwa na dadu, na utaratibu wenyewe siyo mpya, Arnold Reinhold aliutoa tangu 1995. Siri iko kwenye dadu, usichague mwenyewe, maana ukichagua mwenyewe utachagua mama, nyumba, upendo, Mungu. Orodha zinazotumika zina maneno 7,776 kwasababu dadu ikirushwa mara 5 inatoa matokeo 7,776. Kama unataka kwa Kiswahili na una kamusi ya kurasa zaidi ya 216, fanya hivi, mi nafanya hivi.

Rusha mara tatu upate ukurasa. Tuseme imetoka 3, 5, 2. Ya kwanza toa moja zidisha kwa 36, inakuwa 72. Ya pili toa moja zidisha kwa 6, inakuwa 24. Ya tatu iache, 2. Jumla 98, fungua ukurasa wa 98. Sasa rusha mara mbili upate neno: imetoka 4 na 6. Ya kwanza toa moja zidisha kwa 6, ni 18, ongeza ya pili, 24. Hesabu neno la 24 kwenye ukurasa huo, kama ukurasa haufiki maneno 24 rusha upya. Kurasa 216 mara maneno 36, umepata 7,776 zako. Ukifanya mara sita unapata kitu kama *tarumbeta gundi chelewa ubao korongo pindo* (huu ni mfano, usiuchukue). Ukikutana na neno usilolipenda usilibadilishe, ukianza kuchagua umerudi kwenye kukisika.

Kwanini sita? Kwa ile kompyuta yetu ya bilioni 100 kwa sekunde, maneno manne yanaisha kwa saa 10 hivi, matano kama miaka 9, sita ni karibu miaka 70,000. Kila neno linaongeza mara 7,776, ndo maana neno moja linabadilisha kila kitu. Afu jitungie kipicha kichwani, korongo anapuliza tarumbeta, ataganda humo. Siku tatu za mwanzo iandike kila asubuhi na jioni, baada ya hapo vidole vinajua vyenyewe.

Nimebadilisha paswedi lakini bado anaingia

Hii ndo inayoumiza watu zaidi.

Mama yangu mdogo alinijia na simu mkononi, macho mekundu. "Mwanangu, nimebadilisha mara tatu, na bado anawaandikia watu kwa jina langu anawaomba hela." Nikamuuliza, "Mama, ulibadilisha ya wapi?" Akasema ya ule mtandao wa kijamii. Nikamwambia tuuache huo kwanza, tufungue imeili, maana imeili ndo mlango wa kila kitu, kila "nimesahau paswedi" inapita hapo.

Tukafungua kwenye laptopu, kwenye simu mipangilio mingine inajificha. Tukaingia sehemu ya vichujio, yaani zile amri za kupanga ujumbe wenyewe unapoingia. Kulikuwa na kimoja ambacho hakukitengeneza yeye: kila ujumbe wenye jina la ule mtandao upelekwe kwenye anwani fulani ngeni, afu hapa ufutwe. Akaisoma ile anwani polepole akasema, "Hii siyo yangu, na wala simjui." Kumbe kila alipobadilisha, jamaa anabonyeza amesahau, linki inaenda kwake, anaweka ya kwake, na mama mdogo haoni hata tahadhari maana zinafutwa kabla hajaziona. Angebadilisha hata mara mia. Tukaangalia na namba ya simu ya kurejesha akaunti, nayo inaishia na tarakimu asizozijua.

Kwahiyo mpangilio ni huu, na uufuate kwa mpangilio. Tumia kifaa ambacho una uhakika nacho. Anza na imeili: paswedi mpya kabisa, haijawahi kutumika popote. Hapohapo futa vichujio usivyovijua na zima kutuma nakala kwenda anwani nyingine. Angalia namba ya simu na imeili ya kurejesha, kama siyo zako toa. Afu bonyeza "toka kwenye vifaa vyote", hii watu wanaisahau na ndo sababu kubwa ya pili, maana aliyekwishaingia si kila huduma inamtoa kwa kubadilisha paswedi peke yake, anaendelea kukaa ndani. Angalia na programu ulizoziruhusu kuingia kwenye akaunti, usizozitambua ondoa. Imeili ikishakuwa safi ndo uende kwenye akaunti nyingine, moja moja, kila moja paswedi yake.

Kama ulifanya yote na bado, shuku kompyuta. Kuna programu chafu kazi yake ni moja, kukusanya paswedi zote zilizohifadhiwa kwenye brauza pamoja na zile alama zinazokufanya usiulizwe paswedi kila ukifungua, na kuzituma. Nyingi zinakuja na programu za kulipia zilizovunjwa ili zitumike bure, na pia michezo ya namna hiyohiyo. Ukibadilisha paswedi ukiwa kwenye kompyuta hiyohiyo umemkabidhi mpya. Badilisha kutoka kifaa kingine, na ile kompyuta hifadhi mafaili yako afu iwekwe mfumo upya kuanzia mwanzo. Kuisafisha kwa antivairasi tu mi siamini, sijawahi kulala vizuri nikifanya hivyo.

Programu ya kutunza paswedi inakataa kujaza

Simama. Usikopi na kubandika kwa mkono upesi. Programu inajaza kwa kulinganisha anwani ya tovuti, kwahiyo ikikataa inawezekana uko kwenye ukurasa unaofanana na wa kweli kwa rangi na nembo ila anwani ina herufi moja tofauti. Macho yako yanadanganyika, yenyewe haidanganyiki na rangi. Kuna sababu za kawaida pia, tovuti imehamia anwani mpya au fomu yao imebadilika, lakini thibitisha kwa kufungua tovuti we mwenyewe kwenye dirisha jipya, usipitie linki uliyotumiwa.

Kazini wanalazimisha ubadilishe kila miezi mitatu

Matokeo yake kila mtu ana Januari2025! afu Aprili2025!, na anayejua moja anajua ijayo. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliacha kupendekeza hivyo mwaka 2017, ikasema paswedi ibadilishwe pale kuna dalili imevuja, na ikasema pia kulazimisha alama na herufi kubwa hakusaidii, kinachosaidia ni urefu na kuzikataa zile zilizoshavuja. Bill Burr, aliyeandika mwongozo wa zamani wa 2003, mwaka huohuo wa 2017 alisema anajutia sehemu kubwa ya alichoandika. Waonyeshe watu wa IT wa kwenu. Mpaka wabadilike, tumia programu ya kutunza itunge mpya kila zamu.

PIN ya tarakimu nne

PIN za tarakimu nne zipo 10,000 tu, kinachokulinda ni kufungiwa baada ya kukosea mara chache. Kwahiyo usiwe kwenye zile anazojaribu mtu mwanzo: 1234, 0000, 1111, mwaka wa kuzaliwa, 2580 ambayo ni mstari wa katikati kushuka chini. Simu ikiruhusu tarakimu 6, weka 6.

Umewasha hatua ya pili lakini hujui kama inatosha

Namba ya meseji inayoulizwa baada ya paswedi ni bora kuliko kutokuwa nayo, iwashe leo. Udhaifu wake ni kwamba mtu akifanikiwa kuhamishia laini yako kwenye kadi yake, meseji zinaenda kwake, na dalili yake ni simu yako kukosa mtandao ghafla sehemu ambayo kila siku upo. Ikitokea hivyo pigia kampuni ya simu kwa simu nyingine mara moja. Programu zinazotoa namba mpya kila sekunde 30 hazina tatizo hilo, ila ukurasa feki unaweza kukuomba namba hiyo na kuitumia papohapo. Kinachozuia hata hilo ni funguo za siri (passkey) zinazokaa ndani ya simu unazofungua kwa alama ya kidole, au kile kifunguo cha kuchomeka, maana vimefungwa na anwani ya kweli ya tovuti, kwenye tovuti feki havijibu kabisa. Ukiletewa chaguo hilo kwenye imeili yako, lichukue.

Umesahau paswedi kuu

Huduma nyingi za kutunza paswedi haziwezi kukurudishia, hawana nakala, na ndo maana ni salama. Kwahiyo hili linatibiwa kabla halijatokea. Iandike kwenye karatasi, ndiyo, karatasi, pamoja na zile namba za dharura ulizopewa ulipowasha hatua ya pili, weka pale unapoweka vyeti vyako. Mwizi wa mtandaoni haifikii karatasi iliyo kabatini. Usiipige picha, picha zinapanda zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Na kabla hujaifungia, toka kwenye akaunti kabisa, afu ingia tena kwa kusoma kilichoandikwa pale, neno kwa neno, uone kama kweli inafungua.